Mke Mwenzangu Alilala Mtaroni

Simpendi Tunu. Nalisema hili mwanzo kabisa ili msije mkasema nampamba. Ni mke mwenzangu. Mume wangu Mfaume alimwoa mie nikiwa na mimba ya Nawaf, tumbo liko hapa, na tangu siku hiyo mpaka Mfaume anaingia kaburini, mie na Tunu hatukuwahi kula sahani moja. Marehemu aliniachia nyumba ya juu, hii ya barabarani yenye duka. Tunu akaachiwa ya chini, kule mtaa wetu unakoteremkia bondeni, ukishalipita soko la Tandale.

Lakini na nyie mliomwona kwenye simu zenu mkacheka mpaka mkashika mbavu, eti "yule bibi aliyelala mtaroni", siwapendi vilevile. Wa kumcheka Tunu ni mie ninayemjua. Nyie mmetokea wapi?

Tunu ni Mzaramo wa hapahapa, kazaliwa wakati bonde lote lile ni mpunga. Asubuhi anakaanga vitumbua mbele ya nyumba yake, mchana anajilaza, jioni anatafuta mtu wa kugombana naye, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mie. Mdomo wake hauna breki. Ila kukitokea msiba wa Wanyamwezi, hata uwe mtaa wa ngapi, watu wanakuja kumfuata Tunu, maana yeye ni mtani wao, na msiba usio na mtani kwao ni kama haukukamilika.

Nimemwona mwenyewe akiifanya kazi hiyo. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama alivyotembea marehemu, anadai chai kwa sauti ya marehemu na kulalamika haina sukari. Jeneza likitaka kutolewa ndani, Tunu anajilaza kizingitini. "Huyu mtumwa wangu! Hatoki mpaka nilipwe!" Mfiwa anatoa noti, Tunu anainuka, jeneza linapita. Na yule mtu aliyekuwa amekauka tangu asubuhi, hajatoa hata chozi, anacheka kwanza, halafu ndiyo analia kilio chenyewe. Kwa hilo sina neno naye.

Sasa zikaja habari za mtaro.

Mvua zikinyesha, maji ya barabara kuu yalikuwaga yanateremka kwetu yakisambaa kila uchochoro. Yananiingilia dukani, yanamwingilia jirani, yanamwingilia Tunu, kila mtu anatoa ndoo zake anatukana serikali, kesho yake kumekauka. Halmashauri wakasema watajenga mtaro wa zege kutoka barabarani mpaka mtoni. Mpaka mtoni, shikeni hapo. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Jabiri, aliitisha mkutano akalirudia neno hilo mpaka povu likamtoka.

Mhandisi aliyeletwa aliitwa Fransis, Mnyamwezi wa Tabora, mpole, viatu vinang'aa. Siku ya kwanza tu Tunu kusikia kabila lake, basi! Alimwendea mbele za watu, akamvua ile kofia ngumu kichwani, akaivaa yeye.

"We mtumwa wangu, nani kakuruhusu kutoka shamba?"

Fransis alicheka mpaka akakaa kwenye tofali. "Shikamoo, mtani. Nimekuja kuchukua kuku wetu mliotuibia."

Tangu siku hiyo ikawa kila akija lazima ashuke dukani kwangu, asalimie, kisha aulize mtani yuko wapi. Mama yake mzazi alikuwa anaishi naye Mbweni, kwenye nyumba yake mpya, miguu inamsumbua hatoki. Tunu akawa anakwenda kumwona na vitumbua vyake kwenye kikapu. Bibi wa watu alimpenda. Siku moja alimwambia mbele ya mwanawe, "Nikifa, asije mtu mwingine mlangoni kwangu. Aje huyuhuyu mwizi wa kuku."

"Nitakuzuia mpaka unuke," Tunu akamjibu.

"Umeahidi," Fransis akasema. "Umeahidi, mtani, mama kasikia."

Tunu alirudi kunihadithia hayo kana kwamba kapewa ufalme. Mie nikamwambia, yule hakuletwa hapa kutaniwa, kaletwa kujenga. Akanijibu nina wivu, toka enzi za Mfaume nina wivu. Potelea mbali, nikaingia zangu ndani.

Lakini macho nilikuwa nayo. Kazi ile ilitakiwa iwe na msimamizi wa halmashauri anayeshinda hapo kila siku, anaangalia zege linavyochanganywa, anaangalia mtaro unaelekea wapi. Msimamizi huyo hatukumwona. Nilimwuliza Fransis siku moja anakunywa soda barazani kwangu.

"Nafasi yake iko wazi, Mama Nawaf," akasema. "Wenzangu wamestaafu, hakuna aliyeletwa. Niko peke yangu. Barabara zote zangu, madaraja yangu, vyoo vya shule vyangu. Hapa nimetokea Bunju, nikitoka hapa nakwenda huko mwisho wa Goba."

Nilimwonea huruma. Siku ile tu, sikurudia.

Kwa kuwa hakuna mtu, wakasema wananchi wenyewe wasimamie maendeleo yao. Ikaundwa kamati. Jabiri akajiteua yeye, akamteua shemeji yake, akamteua na mzee mmoja wa mtaa wa pili ambaye macho yake yana mtoto wa jicho, haoni hata bakuli lake. Hao ndio wakaguzi! Wakafungiwa turubai, mkandarasi akawa anawaletea pilau, wanakula, wanasinzia. Tunu aliomba aingizwe, kwa sababu mtaro unapita ubavuni kwa nyumba yake. Jabiri akamwambia kamati inataka watu makini, siyo watu wa masihara.

Na Fransis naye, maskini wa Mungu, akawa anakagua kwa simu. Jabiri anapiga picha, anamtumia. Picha zote alizipigia hapa juu, mbele ya duka langu, ambapo kuta za mtaro zimenyooka na saruji inang'aa mpaka unaweza kujitazama. Anapiga, anatuma, Fransis anajibu kwa dole gumba. Ile simu ya Jabiri haikuwahi kuteremka chini hata siku moja.

Maana kule chini, wale mafundi walifika nyuma ya ukuta wa jiko la Tunu wakafungasha. Asubuhi tunaamka, mashine ya zege haipo, mbao hazipo, vijana hawapo. Mto uko kule mbele, unauona, katikati ni mawe na migomba. Mtaro umeishia ukutani kwa mke mwenzangu, mdomo wazi.

Nilisimama pale mwenyewe nikaangalia. Maji yale zamani tulikuwa tunagawana mtaa mzima. Sasa yamekusanywa yote, yamechongewa njia nyembamba ya kuteremkia mbio, yamepewa mtu mmoja. Na nyumba ile ndiyo kitu pekee Tunu alichonacho duniani. Hana mtoto, hana kiwanja kingine, hana kwao kwa kurudi, kwao ni hapohapo.

Alimpigia Fransis. Nilikuwa pale, nilisikia.

"We mtumwa! Umeniletea bahari jikoni? Unataka nife unirithi?"

Nikasikia Fransis anacheka huko aliko. "Utajifunza kuogelea, mtani."

Alimpigia tena siku nyingine, akamwambia mtaro wake umekata roho kabla ya kufika. Fransis akacheka. Akaja dukani siku moja mbio mbio, gari halijazimwa, Tunu akamshika shati akamwambia, "Teremka ukaone, mwivi wewe, teremka!" Akacheka, akajichomoa, akasema leo ana haraka, mtani asimnyang'anye shati mbele za watu.

Nilipandwa na hasira nikamvuta Tunu pembeni. "Acha kumchekesha! Mwambie kama mtu anavyoambiwa. Mfokee!"

"Nikimfokea nitakuwa nimevunja utani," akasema. "Utani hauvunjwi hivyo."

"Basi vunja! Nyumba au utani?"

Akaniangalia kama nimemtukania wazazi. Hapo ndipo tulipokosana tena, na hapo ndipo, nawaambia, palipokuwa na kosa lake. Alidhani kwa kuwa mtani anaruhusiwa kusema lolote, basi anasikilizwa. Loo! Anaruhusiwa kwa sababu hasikilizwi.

Hata hivyo nilimpeleka halmashauri, ofisini kwa akina Fransis. Ndiyo, mie, Wahiba, niliyekuwa sitaki kuongozana naye hata kwenda maulidini. Mapokezi tulimkuta binti mmoja anaitwa Gladness, kucha ndefu, jicho kwenye simu.

"Mhandisi yuko saiti."

"Saiti gani, mwanangu?" nikamwuliza.

"Saiti."

"Yuko mwingine wa kutusikiliza?"

"Hakuna mwingine. Malalamiko ya mradi mnapeleka kwenye kamati yenu ya mtaa."

Kamati yetu ya mtaa! Tukarudi kwa Jabiri, tukamkuta anachokonoa meno. Alitusikiliza nusu. "Bi Tunu, usijipe presha," akasema. "Maji yakifika pale yatatafuta njia yenyewe. Maji yana akili."

"Kukushinda wewe," nikamwambia. Akanifukuza barazani kwake.

Ikafika siku ya kukabidhi mradi. Viti vya plastiki, turubai, spika inapiga singeli, utepe umefungwa hapa juu mbele ya duka langu, maana ndiko kuna sura. Mkandarasi yupo, kamati ipo na kofia mpya. Fransis alikuja amechelewa, jasho linamtoka, dereva hakuzima gari. Alikuwa aweke saini, aondoke.

Tunu alitokea kwenye uchochoro, hakusema na mtu. Akaingia mtaroni. Akajilaza chali kwenye zege lile, akakunja mikono kifuani, akajifunika uso kwa ushungi.

Watu wakalipuka. Kila mtu anajua watani wanavyofanya makaburini, wanaingia shimoni wanalala wanagoma. Ile ni kazi ya wanaume, lakini Tunu lini alijali? Simu zikatoka mifukoni, ya Jabiri ya kwanza.

Fransis akasogea, tabasamu hilo. "Mtani, umekufa?"

"Sitoki," Tunu akasema chini ya ushungi. "Sitoki mpaka ushuke kwa miguu yako mpaka mwisho wa mtaro ukaangalie. Ukiangalia nitatoka."

"Na viatu vyangu hivi? Wazaramo mna matope ya kienyeji."

Kicheko. Akatoa noti, akairusha ikamwangukia kifuani, kama inavyofanywa. Na mtani akilipwa, anainuka. Ndiyo sheria yake, toka babu na babu.

Tunu aliishika ile noti, akaitupa nje. Akafunua uso.

"Fransis, leo sitanii."

Mtaa mzima uliangua kicheko. Si ndivyo watani wanavyosemaga kila siku? "Leo sitanii," kisha anakupaka masizi. Fransis alicheka mpaka akainama. Mie peke yangu nilimwona Tunu midomo inatetemeka. Nikapaza sauti, "Anasema kweli! Nyie, anasema kweli!" Mtu akaniambia, Mama Nawaf leo naye kawa mtani, haya mambo mazuri.

Dereva akapiga honi. Fransis akatazama saa. Kutoka pale mpaka mwisho wa mtaro ni kushuka tu, pumzi mbili. Hakushuka. Akawaashiria vijana, wakaruka mtaroni, wakambeba Tunu mabegani wanamwimbia, wakamzungusha, wakamweka chini mbele ya duka langu kama gunia la mkaa. Fransis akaweka saini juu ya boneti ya gari, akampungia mkono, akaondoka. Picha ile ndiyo mliyoiona. Sehemu ya "leo sitanii" wengine wameiwekea muziki. Mungu awalipe.

Masika yalipoingia, hayakubisha hodi. Mvua ilianza baada ya alasiri. Nilisikia mtaro unanguruma mbele ya duka, nikatoka, nikaona maji yamejaa mpaka ukingoni yanateremka kama yameitwa. Hapa kwangu hata tone halikuingia. Nikajua. Nikajifunga kanga nikakimbia chini, mtu mzima mie na magoti yangu haya, nikafika kuona ukuta wa jiko unalala taratibu. Kisha wa chumbani. Kitanda cha Mfaume, cha mninga, alichochongewa Keko mwaka aliomwoa Tunu, kilitoka kikielea, kikakwama kwenye migomba. Nimekichukia kitanda kile miaka yote. Nikajikuta nakililia.

Tunu alikuwa amesimama juu ya kifusi, ameshika kikaangio cha vitumbua. Hakulia. Hakusema neno. Yule asiyefunga mdomo! Nilimshika mkono nikampandisha juu, nikamfungulia mlango wa nyumba yangu, nikamwambia, "Ingia." Sikumwambia karibu. Akaingia.

Baada ya hapo, ndugu zangu, waliletwa watu. Wakati wa kujenga alikuwa mtu mmoja hana hata msaidizi. Sasa wa kuja kuuliza kwa nini haukujengwa, yalikuja magari mawili yamejaa. Wakapima, wakapiga picha, safari hii waliteremka mpaka chini na mabuti. Jabiri anawaeleza kwamba kamati ilifanya kazi katika mazingira magumu. Kijana mmoja wao akachungulia uani kwangu akamwona Tunu.

"Ala! Si ndiye yule mama wa kwenye klipu?" akasema, anacheka.

Nilikuwa naosha samaki. Maji yale yote niliyamwagia viatu vyake, na ningekuwa na mengine ningemmwagia.

Tukasikia mkandarasi yuko mkoa mwingine, anajenga huko. Tukasikia Jabiri kaonywa. Fransis hawakumfukuza. Watamfukuzaje, na yuko peke yake? Alipiga simu mara nyingi. Tunu alikuwa akiona jina lake anaigeuza simu kifudifudi, anaendelea kuchambua mchele.

Mpaka siku aliponipigia mie.

"Mama Nawaf," akasema. "Mama ametutoka. Nakuomba umwambie mtani."

Nilimwambia Tunu. Akaenda kuoga. Akavaa baibui. Nikadhani keshasamehe, na nikakasirika, sitaki kuficha. Tukaenda wote.

Mbweni nyumba ilijaa. Tulipoingia, ndugu zao waliotoka Tabora wakaanza kunong'onezana, nyuso zikawafunguka kidogo: mtani kafika. Wakampisha njia. Kwenye kiti karibu na jeneza walikuwa wameweka vitenge vya marehemu, vimekunjwa vizuri, na fimbo yake ya kutembelea. Vilikuwa vinamsubiri Tunu.

Tunu akavipita. Akawaambia wanawake, "Poleni wafiwa," akatia rambirambi kwenye kikapu, akakaa mkekani pamoja na majirani, miguu kaikunja, macho chini.

Fransis mwenyewe alikuja, akachuchumaa mbele yake. Kakonda. "Mtani. Mama anakusubiri."

"Pole sana, mhandisi," Tunu akasema. "Mungu awape subira."

Hakuwahi kumwita mhandisi. Nilimwona Fransis amepigwa na neno lile usoni.

"Niite mtumwa basi. Nitukane. Nitukane mbele ya watu wote hawa, mtani, nakuomba."

"Mhandisi, mie nimekuja kuhani tu. Nikihani naondoka."

"Ulimwahidi mama."

Tunu akauvuta ushungi usoni.

Gari la kumpeleka marehemu Tabora kuzikwa likawashwa. Wakaliinua jeneza, wakalileta mpaka mlangoni, na pale wabebaji wenyewe wakasimama, hakuna aliyewaambia. Wanatazama kizingiti. Nyumba nzima ikageuka kutazama kizingiti. Hakuna aliyelala pale. Nikamtazama Tunu, nikaona ushungi wake umelowa wote, anang'ata pindo lake ili asitoe sauti, na hakuinuka.

Wakangoja, wakachoka kungoja. Jeneza likapita mlangoni kama kabati linalohamishwa. Watu wakalifuata nje, na Fransis akabaki peke yake kizingitini, macho makavu, na noti aliyokwisha kuitayarisha bado iko mkononi.